Kuachilia si Kukosa



Historia ya kwaya hamtaisikia kwetu. Imechapishwa katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, pamoja na picha ambazo baadhi yetu tungependelea zibaki nyumbani. Kamati ya jubilei ilitupa neno moja tu, "kujikana", na dakika ishirini za kulizungumzia. Neno hilo tumelijadili Alhamisi nyingi baada ya mazoezi, na tusingelijadili hivyo kama si swali la mwenzetu mmoja wa besi.

Mwenzetu huyu ni baharia. Meli yake ilipotia nanga Bangkok, alitoka alfajiri kutafuta chai, akakuta watawa wa Kibudha wakipita mtaani miguu mitupu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na bakuli lake. Akina mama walikuwa wameshapika wali. Walivua viatu, wakatia wali katika yale mabakuli, kisha wao waliotoa ndio waliopiga magoti. Watawa hawakusema asante. Walipita tu. Baharia wetu aliona ni utovu wa adabu, mpaka alipoelezwa kwamba kule anayetoa ndiye anayehesabiwa kuwa amepata, na mtawa amemfanyia hisani kwa kupokea.

Aliporudi akatuuliza: "Yesu aliwatuma wanafunzi wake bila mkoba, bila fedha, bila kanzu ya pili. Sasa wanaofanana na wale wanafunzi ni nani, wale niliowaona au sisi?"

Tulicheka kidogo. Kisha mtu mmoja akatazama kabati la sare. Wakati huo kila mwanakwaya alitakiwa awe na sare nne.

Tunajua wapo wenye wasiwasi kwamba tunazungumza habari za dini nyingine ndani ya sherehe ya kanisa. Tunawaelewa. Lakini sisi ni watu wa Mombasa. Tumekua tukisikia adhana na kengele, na ukitoka Buxton kwa miguu kwenda Mji wa Kale utapita misikiti na mahekalu kabla hujafika Forodhani. (Lile hekalu la marumaru pale Langoni, wengi wetu tulidhani ni la Wabudha. Ni la Wajaini, ambao nao wana watawa wasiomiliki kitu.) Wabudha hasa ni wachache sana katika pwani yetu, lakini wapo. Wasinhala kutoka Sri Lanka walijenga hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, na limekuwepo kwa karne moja hivi. Na katika Uganda yupo mtu ambaye habari zake zilitugusa zaidi, kwa sababu yeye si mgeni. Ni Mganda, amelelewa katika Ukatoliki, akaenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa huko. Mwaka 2002 akatawazwa kuwa mtawa nchini Marekani kwa jina la Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Baadaye mama yake mzazi naye akawa mtawa.

Hebu fikirini. Mwafrika amenyoa kichwa, amejitanda vazi la rangi ya kutu, ameshika bakuli, anatembea katika nchi ambayo hakuna mama hata mmoja aliyezoea kuamka alfajiri ampikie wali. Bakuli lile linaishi kwa majirani. Kama jirani hajui, mtawa hali. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba ufukara wa mtawa si jambo lake peke yake. Ni mapatano kati yake na mtaa mzima.

Sasa, Budha mwenyewe alifundisha nini? Tutasema kwa ufupi, na kwa haki kadiri tunavyoweza. Alikuwa mwana wa mtawala, akaacha nyumba, mke na mtoto, akaenda kutafuta mwisho wa mateso. Kwanza alijinyima chakula mpaka akabaki mifupa. Akaona njia hiyo haimfikishi popote, akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke, akala. Wenzake waliokuwa wakifunga naye walimwona amelegea, wakamwacha. Kwa hiyo hakufundisha kwamba njaa ni utakatifu. Alifundisha kwamba mateso yanatokana na kiu ya ndani, ule uchu wa kushika na kung'ang'ania, na kwamba kiu hiyo inaweza kuzimwa. Watawa wake waliruhusiwa vitu vichache: mavazi matatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano na kichujio cha maji. Lakini watu wa kawaida, wenye watoto na mashamba, hakuwaambia wawe maskini. Umaskini na deni kwa mtu wa nyumbani aliviita mateso.

Ipo hadithi moja katika mapokeo yao ambayo tuliirudia Alhamisi mbili mfululizo. Budha alifika mji mmoja uitwao Alavi, watu wakakusanyika kumsikiliza. Mkulima mmoja maskini alitaka kuja, lakini ng'ombe wake alikuwa amepotea, akashinda akimtafuta porini. Budha alikaa kimya. Mkutano mzima ukangoja. Yule mkulima alipofika, amechoka na hajala, Budha aliuliza kwanza kama kuna chakula kilichobaki, akaagiza apewe. Alipokwisha kushiba ndipo mahubiri yakaanza. Watawa walinung'unika, naye akawaambia kwamba mtu mwenye njaa haelewi mafundisho, maana hakuna ugonjwa unaoushinda ule wa njaa.

Tuliosoma Injili hatukushangaa. Yesu naye hakuwaacha makutano waende zao na njaa. Tulishangaa tu kwamba katika miaka 50 ya kwaya hii, mazoezi yetu huanza saa kumi na moja na nusu jioni, watu wanatoka kazini moja kwa moja, na hatujawahi kuuliza nani amekula.

Lipo pia fundisho la chelezo. Mtu amefika mto, akafunga miti, akavuka. Je, baada ya kuvuka abebe chelezo kichwani kwa kuwa kilimfaa? Kwetu hilo halihitaji maelezo. Nani hapa ameshuka feri ya Likoni akaibeba begani mpaka Ukunda? Budha alisema hivyo akiwa na maana kwamba hata mafundisho mema yanaweza kushikwa vibaya. Nasi tukajiuliza ni feri gani tunazozibeba. Tulizipata nyingi. Wapo wanaobeba kiti cha mbele. Wapo wanaobeba ule wimbo walioimba peke yao mwaka fulani, na ukipewa mtu mwingine wanapata mafua ya ghafla. Kinanda chetu cha zamani tulikataa kukiuza wala kukigawa, kikaliwa na kutu stoo, huku kanisa changa tunalolifahamu likiimba kwa makofi. Mali iliyotushika haikuwa kubwa. Mtu anaweza kufungwa na kitu kidogo sana.

Tukarudi katika Biblia yetu, na hapa tukae kidogo.

Mathayo anawaita heri walio maskini wa roho. Luka hana neno "roho". Kwake ni maskini tu, na wenye njaa, na wanaolia. Wahubiri hupenda sana maneno ya Mathayo, kwa sababu ukiwa maskini wa roho unaweza kuendelea na gari lako. Wengine hung'ang'ania Luka kana kwamba kukosa unga ni baraka yenyewe. Tunadhani wainjili hawa wawili wanahitajiana. Kijana tajiri wa Mathayo 19 hakukataliwa kwa kuwa na mali. Alihuzunika kwa kuwa mali ilikuwa nayo imemshika. Lakini angalieni aliambiwa afanye nini. Hakuambiwa aitupe baharini. Aliambiwa auze awape maskini. Kuachilia kwake kulikuwa na mtu upande wa pili, mikono imekingwa.

Halafu ipo Wafilipi 4:13. Mmeiona nyuma ya matatu, kwenye vibanda vya simu, kwenye fulana. Inatumiwa kwa kushinda mtihani, kupata visa na kununua kiwanja. Someni aya zilizotangulia. Paulo yuko kifungoni, anasema amejifunza kukaa na vingi na kukaa na njaa. Mambo yote anayoyaweza ni hayo, pamoja na kulala bila kula bila ya moyo wake kuvunjika. Kwa Kiswahili chetu cha pwani tungesema amekinai. Mbudha angelielewa fungu hilo upesi kuliko wengi wetu. Lakini someni na aya inayofuata. Paulo anawasifu Wafilipi kwa kushiriki naye katika dhiki. Yeye ameridhika na njaa. Wao hawakuridhika yeye awe na njaa. Yote mawili yako katika barua moja, na kwaya nzima tulikuwa tumeishia 4:13.

Hatusemi dini hizi ni kitu kimoja. Baharia wetu mwenyewe hakusema hivyo. Neno lao nirvana maana yake ni kuzimika, kama moto ukosapo kuni. Sisi hatutafuti kuzimika. Tunaachilia kwa sababu tumemshika Mwingine, na yeye ametushika kwanza. Wafilipi 2 inasema Kristo alijifanya kuwa si kitu. Na pale Paulo anapoandika kwamba Kristo alikuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu, yuko katikati ya kuomba changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ni 2 Wakorintho 8, ile sura ya harambee. Tofauti hiyo na Ubudha ni kubwa nasi hatuifichi. Hata hivyo kwa bakuli lile la Bangkok tulijifunza jambo ambalo tulipaswa kulijua siku nyingi.

Mbele ya hapo mjadala wetu ulikuwa mgumu.

Mzee mmoja wa tena, ambaye ukoo wake ni wa Frere Town, alitusikiliza wiki kadhaa bila kusema. Siku moja akasema: "Mnaongea kuhusu kuacha. Wazee wangu hawakuacha kitu. Waliachishwa." Pale Kengeleni, ng'ambo ya kisiwa, mnara wa kengele bado umesimama. Makao yale yalianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Watu wale hawakuwa na mali kwa sababu wao wenyewe walihesabiwa kuwa mali. Rabai nako walikimbilia watoro wengi, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha zililipwa, ndiyo, lakini kwa waliojiita mabwana wao. Waliokombolewa walipata karatasi. Jina la mtaa wetu, Buxton, ni la ukoo wa Kiingereza ambao mmoja wao, Thomas Fowell Buxton, alishika kazi ya Wilberforce bungeni mpaka sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikapitishwa mwaka 1833. Na katika sheria ile pia fidia ilikwenda kwa wenye watumwa.

Utamhubiria nini mtu wa namna hiyo kuhusu kutoshikamana na vitu vya dunia? Budha alikuwa na jumba la kuliacha. Fransisko wa Asizi alikuwa na duka la vitambaa la baba yake, na nguo za kuvua mbele ya askofu. Hata baharia wetu alikuwa na mshahara. Kuachilia ni tendo la mwenye mkono uliofumbata kitu. Aliyenyang'anywa ana mkono wazi tayari, naye akiambiwa ajikane anaweza kusikia kwamba Mungu yuko upande wa aliyemnyang'anya.

Mzee yule aliponyamaza, hakuna aliyeimba tena jioni ile. Tulifunga na kwenda.

Tunaeleza sasa jambo linalotuhusu sisi wenyewe, na tumekubaliana lichapishwe.

Mnajua nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa miaka michache iliyopita, na maghorofa yamesimama mahali pake. Mambo ya nyumba zile yamesemwa na wengi mahali pengi, nasi hatutayahukumu hapa. Tunasema tu yaliyoipata kwaya. Jirani walitawanyika, Kisauni, Mikindani, Likoni, Bamburi. Wapo waliorudi na wapo wasioweza. Mazoezi ambayo mtu alikuwa akija kwa ndara, sasa yanahitaji nauli mbili kwenda na mbili kurudi.

Mwenzetu mmoja wa alto, mama ambaye ameimba nasi tangu watoto wake wako mgongoni, alikuwa miongoni mwa waliohama. Mwaka ule ule tulibadilisha sare. Mwaka uliofuata tukaongeza ya mashindano. Akaanza kukosa Alhamisi moja, kisha mbili, kisha akaacha. Tulimwombea. Tunaona haya kusema tulivyomwombea: tulisema amepoa kiroho, amevutwa na dunia. Tuliandika jina lake katika daftari la madeni ya sare, chini ya majina mengine, kwa shilingi zilizobaki. Hakuna aliyepanda matatu kwenda kumwona kwa zaidi ya mwaka.

Alipokwenda hatimaye mmoja wetu, mama yule alimkaribisha chai, wakazungumza habari za watoto. Alipoulizwa kuhusu kwaya alisema maneno machache. Alisema hakutaka kusimama mstari wa mbele na sare ya zamani watu wakadhani amekaidi, na hakutaka kuomba. Huku sisi tulikuwa katika matayarisho ya wimbo kuhusu unyenyekevu.

Basi ndiyo tukafungua Walawi 25, kwa kuwa sherehe yetu ni jubilei na tulitaka kujua tunasherehekea nini. Wengi tulidhani jubilei ni keki. Mwaka wa 50 baragumu linapigwa katika nchi yote. Kwaya tulifurahi kuliona baragumu. Lakini linapigwa kwa kazi: aliyeuza shamba kwa shida arudishiwe, aliyejiuza kwa umaskini arudi kwa jamaa yake. Katika mwaka huo mwenye vingi ndiye anayeambiwa aachilie, na aliyekosa ndiye anayerudi kwake. Torati haimwambii maskini aridhike mpaka imekwisha kumwambia tajiri afungue mkono. Nayo Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza habari za madeni, tena kila mwaka wa saba, wala si wa 50.

Mtunza hazina wetu hakupenda mjadala ulipoelekea. Alisema, na tunampa haki yake, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Yeye ndiye aliyetufikisha hapa bila kashfa, na kwaya ngapi zimevunjika kwa sababu ya fedha. Tulibishana naye Alhamisi tatu. Mwisho yeye mwenyewe alilileta daftari la sare, akapiga mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini katika kila ukurasa wenye deni, akatia sahihi na tarehe. Hakulichana. Alisema hesabu hazichanwi, na kwamba anataka wajao waone kwamba madeni haya yalifutwa, hayakusahauliwa.

Kwa hiyo, washirika wapendwa, mkitutazama leo mtaona tumevaa sare moja, ile ya bluu, na nyingine hazitadaiwa tena kwa mtu. Sare sasa ni mali ya kwaya, zinakaa katika kabati la vestri, anayeimba anachukua na kurudisha. Ndugu zetu wa soprano watatusamehe, zipo zisizolingana urefu. Kinanda cha zamani kimetengenezwa, nacho kitapelekwa Jumamosi ijayo kwa wale wa makofi. Sehemu ya changizo la leo iliyotengwa kwa sare mpya imebadilishwa, kwa ruhusa ya Mchungaji, kuwa nauli ya mazoezi, na bahasha itakaa juu ya meza mlangoni. Atakayehitaji atachukua bila kuandika jina. Mtunza hazina amekubali jambo hilo kwa mwaka mmoja, kisha atapima. Na Alhamisi kutakuwa na chai na mahamri kabla ya wimbo wa kwanza, kwa zamu, tukianza na besi.

Yule mama wa alto tulikwenda kumwona, watu sita, tukamwomba radhi. Hakutujibu kama atarudi. Aliuliza tu kama wimbo ule wa Pasaka bado tunauimba kwa ufunguo ule ule, au tumeupandisha. Tukamwambia tumeupandisha. Akasema tuliharibu, alto haufiki kule. Tangu wiki iliyopita tumeushusha.